Sh. 1,050 zilifurahisha, sh. 1,060 zikaudhi

LINGEKA, Bariadi: Msimu wa ununuzi wa pamba wa mwaka 2021 ulifunguliwa kwa bei dira ya sh. 1,050 kwa kilo moja ya pamba mbegu. Msimu wa mwaka 2023 ulifunguliwa kwa sh. 1,060. Kwa anayeangalia tarakimu peke yake, mkulima wa Lingeka alikuwa ameongezewa sh. 10. Lakini bei ya mwaka 2021 ilipokewa kwa ahueni, na ile ya mwaka 2023 ikapokewa kwa manung'uniko katika mkoa wa Simiyu na kwingineko kunakolimwa pamba.

Sababu haikuwa siri. Mwaka 2020 bei dira ilikuwa sh. 810 tu, kwa hiyo sh. 1,050 zilionekana ni kupanda ngazi. Mwaka 2022 ilikuwa sh. 1,560, kwa hiyo sh. 1,060 zilionekana ni kuanguka kutoka darini. Ni kweli kwamba katikati ya miaka hiyo bei za bidhaa zilipanda, na shilingi ya mwaka 2023 ilinunua pungufu kidogo ya ile ya mwaka 2021. Hata hivyo upungufu huo hautoshi kueleza kwa nini watu wale wale, kwa zao lile lile, wachangamke mwaka mmoja na wanune mwaka mwingine.

Jambo hili linawahusu wafanyabiashara na wawekezaji wadogo kuliko wanavyodhani. Mtu aliyenuna hufanya biashara vibaya. Huuza ng'ombe mnadani siku ambayo kila mtu anauza. Hukopa bila hesabu. Huacha zao alilolizoea na kukimbilia lile lililomtajirisha mwenziwe mwaka jana, ambalo mwaka huu litakuwa limefurika sokoni. Taarifa ya bei humwonyesha msomaji pamba, dengu na choroko zinauzwaje. Haimwonyeshi hasira iliyomfanya muuzaji auze.

Wataalamu wa uchumi walilieleza jambo hili kitambo. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba binadamu hahesabu alichonacho mkononi, bali huhesabu amepanda au ameshuka kutoka mahali alipokwisha kupazoea, na kwamba uchungu wa kushuka ni mkubwa kuliko furaha ya kupanda kwa kiasi hicho hicho. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mkulima wa pamba angeweza kuwaeleza hayo bure.

Kabla yao, mwaka 1974, Richard Easterlin wa Marekani alikuwa ameuliza swali lililowakera wenzake. Ndani ya nchi moja, mwenye kipato kikubwa husema ana furaha kuliko maskini. Mbona basi Wamarekani wote walipozidi kutajirika baada ya vita vya pili vya dunia, furaha waliyoitaja haikuongezeka? Jibu lake lilikuwa kwamba mtu hujipima kwa wenzake. Wote wakipanda pamoja, hakuna aliyempita mwingine. Wapo waliompinga kwa takwimu za nchi nyingi, na ubishi huo haujaisha. Lakini hakuna anayebisha kwamba mtu huchungulia sahani ya jirani kabla ya kusema ameshiba.

Tanzania yenyewe imekwisha kupimwa. Katika ripoti ya furaha duniani ya mwaka 2018, na tena katika ile ya mwaka 2019, ilishika nafasi ya 153 kati ya nchi 156, wakati Ufini iliongoza. Watu wengi walicheka, maana mgeni anayefika harusini au ngomani Usukumani hawezi kuamini kwamba hawa ndio karibu na mkia wa dunia. Lakini swali waliloulizwa halikuwa kama wanacheka. Waliambiwa wafikirie ngazi yenye vidato kuanzia sifuri hadi kumi, juu kabisa yakiwa maisha bora kabisa wanayoweza kuyapata na chini yakiwa mabaya kabisa, kisha waseme wamesimama kidato cha ngapi. Hilo ni swali la kulinganisha. Mtu anayeona kila siku kwenye simu jinsi wengine wanavyoishi Masaki au Dubai hawezi kujiweka kidato cha nane, hata kama jana alicheza ngoma hadi alfajiri.

Mfano unaofaa zaidi kwa wasomaji wa mikoa ya Ziwa hauko Ufini. Uko ng'ambo ya Ziwa Victoria, huko Rarieda, magharibi mwa Kenya. Kati ya mwaka 2011 na 2012 shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini za huko fedha taslimu kwa njia ya M-Pesa, bila masharti yoyote. Waliochaguliwa walikuwa wale wanaoishi katika nyumba za nyasi, na kati yao waliopata na waliokosa walitenganishwa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa shilingi za Kenya 25,200, wengine 95,200. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia matokeo, nayo yalikuwa mazuri: waliopata walikula vizuri zaidi, waliongeza mifugo, wengi waliezeka mabati, na walisema wanaridhika na maisha kuliko kwanza.

Sehemu ya pili ya hesabu ndiyo chungu. Watafiti hao, pamoja na mwenzao James Reisinger, walipoangalia majirani, waligundua kwamba kadiri wenzao kijijini walivyopewa zaidi, ndivyo wengine walivyosema hawaridhiki na maisha yao. Hawakuwa wamepoteza hata senti. Nyumba zao za nyasi zilikuwa zile zile, ila sasa kulikuwa na bati linalong'aa upande wa pili wa njia. Kwa kiwango kile kile cha fedha, kutoridhika kwa sababu ya mali ya jirani kulizidi kuridhika kwa sababu ya mali ya mtu mwenyewe.

Hata hivyo habari haikuishia hapo, na anayeisimulia nusu huipotosha. Kwanza, kinyongo hicho kilipungua kadiri miezi ilivyopita. Watu walilizoea bati la jirani kama walivyolizoea lao. Pili, mpango mkubwa zaidi ulipofanyika baadaye huko Siaya, katika vijiji 653 na kwa zaidi ya kaya 10,000, watafiti waliona fedha zilizotolewa zikizunguka hadi kwa wasiopewa, kwa njia ya vibarua, maduka na vinyozi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba hata kaya zisizopewa kitu ziliongeza matumizi yao. Mali ya jirani, kwa hiyo, ilikuwa inaingia mfukoni mwao. Ilikuwa inaumiza macho tu.

Sasa na irudiwe Lingeka. Katika kijiji cha pamba, mafanikio hayafichiki. Mshahara wa karani wa mjini haujulikani na mtu ila mwajiri na benki. Marobota ya mkulima huonekana na kila mpita njia, na siku ya kupima kila mmoja husikia kilo zilizotajwa. Chukua mfano wa mkulima mwenye kilo 800. Kwa bei ya mwaka 2020 alistahili sh. 648,000 kabla ya makato ya pembejeo. Kama mwaka uliotangulia jirani yake alinunua pikipiki kwa fedha za pamba, sh. 648,000 hizo hazitapimwa kwa mahitaji ya nyumbani kwake. Zitapimwa kwa pikipiki.

Wazee wa mikoa ya Ziwa wanakumbuka mpango mwingine. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa mmoja. Ushirika wa pamba uliojengwa na akina Paul Bomani katika miaka ya 1950 uligeuka kuwa vyama vikuu, na Bariadi, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga, iliuza pamba yake kwa SHIRECU. Bei ilikuwa moja kwa wote, na kilio kilikuwa kimoja kwa wote: malipo yanachelewa. Sera ya soko huria ilipofika kwenye pamba mwaka 1994, wanunuzi binafsi waliingia na fedha taslimu mkononi. Mkulima alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini pamoja na fedha taslimu kuliingia jambo ambalo ushirika haukuwa nalo: mtu kuuza Jumatatu na kusikia Alhamisi kwamba mwenziwe amepata zaidi.

Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba ushindani ndio ulioleta uchungu, na kwamba watu walikuwa na furaha zaidi walipokuwa sawa katika uhaba. Hoja hiyo haisimami. Mwaka 2021 wanunuzi waliposhindana, bei ilipanda juu ya ile dira ya sh. 1,050, na hakuna mkulima aliyelalamika kwamba anagombewa. Usawa wa kusubiri malipo pamoja haukuwa furaha. Ulikuwa kusubiri tu.

Tena kama kuna watu wasioweza kufundishwa ushindani, ni Wasukuma. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hukutana uwanjani na kushindana. Asili ya makundi hayo inasimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani zaidi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na hakimu ni watazamaji wenyewe: upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Watu hutumia fedha, hutumia dawa, hubuni vituko vya kila namna ili wauvute umati. Ni ushindani mkali usio na huruma, na ni moja ya furaha kubwa za mwaka mzima.

Kwa nini huo ufurahishe na ule wa bati na pikipiki uumize? Tofauti zinaonekana wazi. Ngomani mtu hashindani peke yake, ana kundi. Kanuni zinajulikana na kila mtu anaona umati umesimama wapi. Hakuna mizani iliyochezewa. Aliyeshindwa leo anajua siku ya kurudiana. Tena kushindwa ngoma hakumnyimi mtoto wake ada. Mashindano ya mali hayana hata moja kati ya hayo. Hayana mwanzo wala mwisho, hayana siku ya mapumziko, na mshindi wake hubadilika kila anapopita mtu mwenye gari kubwa zaidi.

Anayetaka kuona ni kipi hasa kinachowanyima wakulima furaha autazame msimu wa mwaka 2019. Bei dira ilikuwa sh. 1,200, juu ya sh. 1,100 za mwaka 2018. Kwa kanuni ya Kahneman na Tversky ulipaswa kuwa mwaka wa nderemo. Lakini bei ya pamba ilishuka kwenye soko la dunia, wanunuzi wakasita kununua kwa bei iliyokwisha kutangazwa, na wakulima wengi waliokabidhi pamba yao kupitia vyama vya msingi walikaa wiki na miezi wakisubiri fedha. Mkulima wa kilo 800 alikuwa na sh. 960,000 kwenye karatasi na hana ya chumvi mfukoni. Mwenye duka aliyemkopesha naye alisubiri. Mwenye duka la jumla aliyemkopesha mwenye duka naye alisubiri. Serikali ililazimika kuingilia kati na kuzungumza na wanunuzi na mabenki. Bei nzuri ikazaa mwaka mbaya, na hakuna jirani aliyehusika.

Mambo mawili yasichanganywe, basi. Uchungu wa kumwangalia jirani ni wa kweli lakini hupoa, kama ulivyopoa Rarieda. Uchungu wa kutojua utalipwa lini haupoi, maana kila asubuhi ni mpya. Mtu huweza kuzoea kipato kidogo cha hakika. Hawezi kuzoea ahadi.

Uchungu wa aina hii ya pili ndio unaoua, na hilo halisemwi kwa mzaha. Mwaka 2005 Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California alichapisha utafiti kuhusu wilaya ya Meatu, ambayo sasa imo katika mkoa huu wa Simiyu. Aligundua kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watu wanaotuhumiwa uchawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine. Waliouawa walikuwa zaidi wanawake wazee, na mara nyingi waliohusika walikuwa jamaa zao. Mvua ikikosa kipimo chake, kipato huanguka, na kaya inayotafuta wa kulaumiwa humpata bibi kizee aliye ndani ya nyumba. Anayedhani furaha na huzuni ni mada ya watu walioshiba na aisome hesabu hiyo tena.

Mjini hali ina sura nyingine. Mfanyabiashara mdogo wa Bariadi hasubiri mvua, ila anasubiri wateja wanaosubiri mvua. Katikati ya kusubiri huko wamejitokeza wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wamewapa jina lao: kausha damu. Mkopo hutolewa haraka, marejesho ni ya kila siku au kila wiki, na anayeshindwa huchukuliwa friji, godoro hata sufuria. Si kila mkopaji ni mjinga. Mama anayekopa kununua magunia ya mchele ana hesabu yake, na mara nyingine hesabu inakubali. Lakini ipo mikopo isiyokuwa na gunia nyuma yake. Ni ya kumalizia nyumba kwa sababu mwenye kibanda cha pili amemaliza yake, au ya kuchangia sherehe ili jina lisomwe mapema. Mkopo wa aina hiyo unanunua nafasi kwenye ngazi ya jirani, na nafasi hiyo hailipi riba. Waswahili walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Wakati huo hapakuwa na marejesho ya kila siku.

Upatu wa DECI ulifanya kazi kwa mafuta hayo hayo. Watu walikuwa wakiambiwa wapande mbegu na wavune, hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009 na viongozi wake kushitakiwa. Wengi walioingia hawakuwa wameelewa faida ingetoka wapi. Walichoelewa ni kwamba fulani wa jirani amevuna. Upatu wa namna hiyo hauhitaji matangazo, kwa kuwa jirani mwenye furaha ndiye tangazo.

Kwenye hisa mambo ni yale yale, kwa lugha ya heshima zaidi. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwezi Aprili 1998, na tangu hapo wawekezaji wadogo wamekuwa wakijifunza kwa gharama zao. Hisa za benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa sh. 150. Miaka kumi baadaye zilikuwa chini ya bei hiyo, na wapo waliozitupa wakiona wenzao wamenunua viwanja vilivyopanda. Mwaka 2024 hisa hizo zilipita sh. 600. Aliyeuza kwa hasara anaumia leo kuliko alivyoumia siku ya kuuza, ingawa fedha alizopoteza ni zile zile. Na aliyebaki nazo? Huyo naye ana simanzi yake, kwa sababu anamjua mtu aliyenunua nyingi zaidi.

Anayeuliza kama fedha huleta furaha ajibiwe wazi kwamba huleta, hasa kwa asiyekuwa nazo. Rarieda ilionyesha hivyo, na mkulima aliyelipwa siku aliyopima pamba hahitaji mtafiti kumweleza. Kinachobishaniwa ni zile zinazozidi hapo, na huko mizani ni ya jirani.

Kwa upande wa wafanyabiashara wa Lingeka na Bariadi, yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kubadili tabia ya binadamu. Mwenye duka anayekopesha kwa dhamana ya pamba aandike tarehe ya malipo kutokana na malipo yalivyofika msimu uliopita, si kutokana na bei iliyotangazwa. Wanunuzi wasioweza kulipa papo hapo waseme hivyo kabla ya marobota kufungwa. Kuhusu mizani, mchezo una pande mbili: wapo wakulima wanaotia maji na mchanga kwenye pamba, na wapo wapimaji wanaopunja, kila upande ukidai ulianzwa. Bodi ya Pamba na wakala wa vipimo hawawezi kumfanya mtu afurahi, lakini wanaweza kumwondolea sababu moja ya kumshuku kila anayemkaribia.

Msimu wa kununua hufunguliwa karibu na mwezi Mei. Siku bei dira itakapotangazwa, swali la kwanza litakuwa ni shilingi ngapi, na la pili litakuwa mwaka jana ilikuwa ngapi. Ni wachache watakaouliza mizani imekaguliwa lini na fedha zitatoka siku gani.